Herufi Tatu Zisitufungie Mlango: Maneno ya Barua Pepe na Kompyuta kwa Anayeanza

   

Kila mwaka sisi wa upande wa mahesabu tunapewa nafasi ya kusoma mapato na matumizi, kisha tunaketi. Mwaka huu tumeomba tuongezewe muda kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo halionekani kwenye jedwali la fedha lakini linaigusa kila shilingi iliyomo.

Taarifa ya fedha ya chama hiki hutumwa kwa barua pepe, ikiwa kiambatisho cha PDF. Wanaoifungua ni wale waliozoea kukaa mbele ya kompyuta ofisini. Ndugu zetu waliotoa mchango baada ya kuuza korosho, ufuta au mbaazi zao kule nyumbani, wengi wao hawaioni. Kwa hiyo fedha ni ya wote, lakini hesabu inasomwa na wachache. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba daftari lenye mali ya watu mia, likisomwa na watu kumi, nalo lina hatari yake.

Wazee wetu wanakumbuka enzi ambazo karatasi ya serikali ilifuatwa Nachingwea. Wilaya ya Ruangwa ilipoanzishwa mwaka 1995, safari ikawa fupi. Leo karatasi hiyo hiyo iko kwenye simu mfukoni, lakini kwa asiyejua maneno yake imekuwa mbali kuliko Nachingwea. Matokeo ya mitihani ya watoto, maombi ya mkopo wa chuo, cheti cha kuzaliwa, tangazo la ajira serikalini, zabuni ndogo ya fundi wetu, vyote vimehamia mtandaoni. Hata minada ya mazao yetu, katika misimu ya karibuni, imeendeshwa kwa kompyuta kupitia Soko la Bidhaa Tanzania.

Basi tuyachukue maneno haya moja moja. Na kwa kuwa kuuliza si ujinga, asiyeelewa anyooshe mkono, hata kama ni mzee wa heshima. Hapa hatucheki mtu.

VIFUPISHO TUMEVIZOEA ZAMANI

Wengi wanaogopa kompyuta kwa sababu ya herufi tatu tatu za Kiingereza. Lakini hebu tujiulize, nani hapa hajui AMCOS? Bibi aliyepeleka gunia lake la korosho kwenye ghala anasema AMCOS kila siku ya msimu. Hajawahi kuulizwa kila herufi inasimama badala ya nini. Anajua AMCOS inapokea mzigo, inaupima na kutoa stakabadhi, na hilo linamtosha. Hali kadhalika NIDA, TASAF na TANESCO.

Na barua zetu za Kiswahili zimejaa vifupisho. Tunaandika S.L.P. tukimaanisha sanduku la posta. Tunaandika YAH tukimaanisha barua inahusu nini. Tunaandika k.n.y. pale mtu anaposaini kwa niaba ya mwingine, na Kumb. Na. kwa ajili ya jalada. Barua pepe ni mtoto wa barua hiyo hiyo. Ukiijua ya karatasi, nusu ya kazi umeshaimaliza.

BARUA PEPE INAVYOSOMWA

Anwani ya barua pepe ina sehemu mbili zinazotenganishwa na alama hii: @. Kabla ya alama ni jina la mwenye sanduku, baada yake ni jina la posta inayolitunza sanduku hilo. Mmarekani Ray Tomlinson ndiye aliyeichagua alama hiyo mwaka 1971, alipotuma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwenye mtandao wa wakati ule. Anwani haina nafasi katikati, na nukta moja ikikosewa barua inaweza isifike.

Juu ya barua pepe kuna mistari ya kujaza. Wa kwanza ni wa mpokeaji, yule unayetaka atende jambo. Wa pili umeandikwa CC. Hapa waliowahi kufanya kazi na taipureta watatabasamu, kwani herufi hizo zimetokana na karatasi ya kaboni iliyokuwa ikiwekwa kati ya kurasa mbili ili kupata nakala. Ni sawa na neno “Nakala” tunaloliweka chini ya barua zetu. Aliyewekwa kwenye CC anapewa habari ili ajue, na kila mpokeaji anaona kwamba naye amepewa.

Wa tatu ni BCC, nakala ya siri. Aliyewekwa hapo anaipata barua, ila wengine hawamwoni. Ina matumizi mema. Chama kikituma tangazo kwa wanachama mia mbili, ni vizuri kuwaweka wote kwenye BCC, ili anwani ya kila mmoja isisambae kwa watu asiowajua.

Kisha kuna mstari wa mada, ambao ni ile YAH yetu. Usiuache mtupu. Ofisi inayopokea barua mia kwa siku huanza na zile zinazojieleza.

Ukipokea barua na kutaka kujibu, kuna vitufe vitatu vinavyofanana lakini kazi zake ni tofauti. “Reply” inamjibu aliyekuandikia peke yake. “Reply all” inawajibu wote waliomo kwenye barua, pamoja na wale wa CC. “Forward” inaipeleka barua kwa mtu mwingine kabisa. Jibu likirudi, mada yake huanza na Re, yaani ni jibu la jambo lile lile. Barua iliyosambazwa huanza na Fw au Fwd. Kabla ya kubonyeza “Reply all” kwa maneno makali juu ya ndugu yako, hesabu kwanza ni watu wangapi watakaoyasoma.

Barua inayoingia huwekwa kwenye kikasha. Uliyoianza bila kuituma inakaa kwenye rasimu. Ile ambayo mtambo umeishuku hutupwa kwenye fungu la barua taka, linaloitwa spamu. Kila anayeomba kazi aliangalie fungu hilo, kwa sababu wito wa usaili nao huweza kuangukia humo. Tena, simu nyingi za kisasa zinakubali kugeuzwa lugha zikaongea Kiswahili. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuitengeneza Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili iliyotoka mwaka 2004, na maneno mengi kama faili, hariri, hifadhi na chapisha yamezoeleka tangu wakati huo.

HERUFI UTAKAZOKUTANA NAZO

FYI maana yake ni “kwa taarifa yako”. Huna la kufanya ila kujua.

ASAP maana yake ni “mapema iwezekanavyo”. Hii inataka kazi, na inaitaka sasa. Kuichukua ASAP kama FYI kumewapotezea watu nafasi.

COB na EOD zinamaanisha mwisho wa saa za kazi au mwisho wa siku. Ukiambiwa nyaraka zifike Ijumaa COB, usizitume Ijumaa saa tatu usiku.

PFA ni “tafadhali angalia kiambatisho”. Ukiiona, tafuta alama ya kibanio cha karatasi, kwani barua yenyewe iko ndani ya faili iliyoambatishwa.

TBA ni “itatangazwa baadaye”. Tarehe au mahali bado.

N/A, kwenye fomu, ni “haihusiki”. Kama fomu inauliza jina la mwajiri na wewe ni mkulima uliyejiajiri, hapo ndipo mahali pake. Pengo tupu linaweza kusomwa kana kwamba umeficha kitu.

RSVP tumeiona kwenye kadi za harusi. Ni maneno ya Kifaransa yanayosema “tafadhali jibu”. Ikiwa kwenye mwaliko wa ofisi, jibu hata kama huendi.

NDANI YA KOMPYUTA

Kompyuta ya mezani, kompyuta mpakato, kishikwambi na simu janja ni ndugu wa ukoo mmoja. Vyote vina sehemu za kushikika, kama kioo na kibodi, na vyote vinaongozwa na programu, ambazo ni maelekezo yasiyoshikika.

Ili kuelewa kilichomo, tuingie kwenye ghala la ushirika wakati wa msimu. Kuna karani anayepima na kuandika. Huyo ni CPU, sehemu inayofanya hesabu zote. Kuna meza ya karani, ambayo juu yake yamo makaratasi anayoyashughulikia saa hii tu. Hiyo ni RAM. Meza ikiwa ndogo na makaratasi yakawa mengi, kazi inakwenda kwa kusuasua, na ndiyo maana simu iliyofunguliwa mambo kumi kwa pamoja huganda. Halafu kuna ghala lenyewe, mzigo unapokaa hata karani akienda kulala. Hiyo ni diski.

Ukiandika barua kwenye kompyuta, maneno yako yako mezani. Ukibonyeza “hifadhi” ndipo yanaingia ghalani. Umeme ukikatika kabla hujahifadhi, kilichokuwa mezani kinaweza kupotea chote. Kwa hali ya umeme tunayoijua sote, tuhifadhi mara kwa mara.

Faili ni waraka mmoja, na folda ni jalada lenye mafaili mengi. Faili ya Word ni ya kuandikia. Ya Excel ni ya mahesabu, yenye mistari na safu kama leja. Ya PDF inaonekana vile vile kwenye kila mashine, na si rahisi kwa mtu kuibadilisha kwa bahati mbaya. Kwa sababu hiyo taarifa za fedha na vyeti hupendelewa kutumwa kwa PDF.

KB, MB na GB ni vipimo, kama gramu, kilo na tani. Herufi moja ya maandishi ya kawaida ni baiti moja. KB moja ni kama baiti elfu moja, MB moja ni kama KB elfu moja, na GB moja ni kama MB elfu moja. Hotuba hii yote, ikiwa maandishi matupu, haifiki KB 20. Picha moja ya simu huweza kuwa MB 3, yaani zaidi ya mara mia moja na hamsini ya hotuba hii. Kwa hiyo anayelalamika kwamba bando lake limeliwa na barua pepe, aangalie kwanza picha na video za makundi ya WhatsApp.

Kupakua ni kuleta faili kutoka mtandaoni hadi kwenye kifaa chako. Kupakia ni kuipeleka. Fomu ikikwambia upakie cheti chako kwa PDF kisichozidi MB 1, sasa unajua inadai nini. Usitume picha nzito uliyoipiga cheti kikiwa juu ya mkeka.

SIRI NA MATAPELI

Nywila ni ufunguo wa sanduku lako. PIN ni namba ya siri ya kudumu, kama ya pesa za simu. OTP ni namba ya siri ya kutumika mara moja tu, inayotumwa kwenye simu yako ili kuthibitisha kwamba ni wewe. Anayekupigia akuombe umsomee namba iliyoingia kwenye simu yako anataka kuingia mlangoni kwako kwa ufunguo wako mwenyewe. Awe amejitambulisha kuwa wa benki, wa kampuni ya simu au wa chama chetu, usimpe. Sisi wahasibu wa chama hatutaomba OTP ya mwanachama hata siku moja.

Sote tunaujua ule ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii”. Kwenye barua pepe nao upo, ila umevaa suti. Unakuja kwa jina la kiongozi unayemfahamu na kusema akaunti ya benki imebadilika. Kabla hujalipa, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, siyo ile iliyoandikwa ndani ya barua hiyo. Ujumbe wa utapeli kwenye simu unaweza kuripotiwa kwa namba 15040, na ukipiga *106# unaweza kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

Jifunzeni pia kusoma mwisho wa anwani ya tovuti. Za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, za vyuo .ac.tz, za makampuni mengi .co.tz na za taasisi zisizo za kibiashara .or.tz. Tapeli huweza kuchomeka maneno “ajira” na “go” na “tz” katikati, kisha akamalizia na .com. Angalia jina linaloishia pale mkwaju wa kwanza unapoanza, baada ya ile mikwaju miwili ya mwanzo. Hapo ndipo mwenye nyumba anapojulikana.

Kuna jambo linalowaumiza sana vijana wetu. Kijana anapanda bodaboda hadi mjini kuomba kazi kwenye steshenari. Mhudumu anamfungulia barua pepe, anabuni nywila, anajaza fomu, anapokea fedha yake. Kijana anarudi nyumbani akiwa na karatasi iliyochapishwa, bila anwani kichwani na bila nywila. Wito wa usaili ukija, unaingia kwenye sanduku ambalo mwenyewe hawezi kulifungua. Elimu anayo na vyeti anavyo, ila ufunguo aliuacha kwa mtu mwingine. Steshenari inafanya kazi yake. Wajibu wa kumfundisha kijana kushika ufunguo wake ni wetu.

TUNACHOOMBA KWA MCHANGO WENU

Nchi yetu ina somo la zamani katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye mahesabu ya serikali yaliyowekwa kwenye mashine yalivurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Baadaye mlango ulifunguliwa tena, lakini sisi wahasibu tunaikumbuka sababu. Mashine iliwekwa kabla watu hawajaandaliwa. Kompyuta haisahihishi hesabu ambayo wenye mali hawawezi kuisoma.

Kwa hiyo mchango wa mwaka huu hatuuombi kwa ajili ya kununua mashine na kupiga nazo picha. Tunaomba mambo matatu yaende pamoja. La kwanza ni kompyuta zenyewe, mpya au zilizotumika lakini nzima, pamoja na printa na vifaa vya kuzilinda umeme unapopanda na kushuka. La pili ni posho ya mwalimu na gharama ya intaneti, kwa sababu chumba kisicho na mwalimu kitageuka stoo. La tatu ni siku zenu. Kila mmoja wetu mwenye ujuzi, akienda nyumbani likizo au msibani, atenge saa mbili amfundishe mpwa mmoja na mjomba mmoja kufungua sanduku lake mwenyewe, kwa nywila yake mwenyewe.

Na sisi tunajifunga kwa ahadi mbele yenu. Tunapendekeza kila kijiji chetu kichague watu wawili, mzee mmoja na kijana mmoja, wawe na anwani za barua pepe zinazojulikana na chama. Kila malipo yanayotoka kwenye akuntini yetu, watu hao wawekwe kwenye CC, siyo BCC, ili sote tujue kwamba wanajua. Taarifa ya mwaka itaendelea kutumwa kwa PDF, na nakala yake iliyochapishwa itabandikwa kwenye mbao za matangazo za vijiji, hadi siku ambayo hakuna atakayehitaji karatasi hiyo.

Wapo watakaosema kwamba tukiwaonyesha watu wengi hesabu, maswali yatakuwa mengi. Ni kweli, na tunayataka. Hesabu isiyoulizwa swali haijakaguliwa.

Mgeni Rasmi, wazee wetu, ndugu zetu, fomu za ahadi ziko mezani kwa mweka hazina. Kwenye fomu kuna nafasi ya anwani ya barua pepe. Asiye nayo asiandike N/A. Aje kwenye meza ya vijana wetu pale mlangoni, afunguliwe leo, achague nywila mwenyewe huku wao wamegeuka pembeni, na aondoke nayo kichwani.